SOMO LA ROBO HII: GOTI LINAPOTUA
Mambo ambayo kamati ya parokia inapaswa kuyajua kabla ya kununua mpira mwingine



Katika ukurasa huu tumezoea kujifunza juu ya visima, vikundi vya kuweka na kukopa, na utunzaji wa mbegu. Safari hii tunawaomba mtuvumilie, maana somo letu ni goti. Pengine mtauliza goti lina uhusiano gani na maendeleo. Hata sisi tungeuliza hivyo, kama si jambo lililotokea mbele ya macho yetu katika bonanza la vijana tulilolidhamini.

Ilikuwa mechi ya netiboli kati ya vigango viwili. Binti mmoja wa kidato cha pili, mwenye miaka 16, aliruka juu akadaka pasi, akatua kwa mguu mmoja, kisha akageuka kumtafuta mwenzake wa kumpa mpira. Hakuna mtu aliyemgusa. Tulisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika, naye akaanguka ameshika goti. Pale pale maneno yakaanza: huyu anasema amesukumwa, yule anasema kafanyiwa kitu na timu pinzani. Mzee mmoja mwenye huruma akaleta mafuta akaanza kumchua. Kufika jioni goti lilikuwa limejaa, halikunjiki wala halinyooki.

Alipelekwa kupigwa picha ya eksirei. Mfupa ulikuwa mzima, akapewa vidonge vya maumivu na kurudishwa nyumbani. Baada ya wiki tatu uvimbe ulikwisha, lakini kila alipoteremka mtelemko wa kwenda kisimani goti lilikuwa linamwachia, mara mbili akamwaga ndoo. Ndipo mtaalamu wa fiziotherapia alipompima kwa mikono yake na kutuambia kwamba kano ya ndani ya goti imechanika.

Tulipokwenda kumpa pole, mama yake alitukaribisha vizuri, akatuandalia chai, halafu akatuuliza: “Baba, mpira na jezi mlivileta, tunashukuru. Na mwalimu mlimwacha wapi?”

Hatukuwa na jibu. Somo hili ni sehemu ya jibu tulilolitafuta tangu siku ile.

Goti lilivyoundwa

Goti ni bawaba inayokunja na kunyoosha mguu, lakini si bawaba imara kama ya mlango. Juu kuna mfupa wa paja, mrefu kuliko mifupa yote ya mwili, nao chini yake umeishia kwa vichwa viwili vya mviringo. Chini kuna mfupa wa muundi, ambao juu yake ni karibu bapa. Kwa hiyo ni kama kusimamisha mayai mawili juu ya sahani. Katikati Mungu ameweka gegedu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo, zinazozuia mayai yasibiringike ovyo, lakini hizo peke yake hazitoshi. Kinachoshika kweli ni kano nne: moja kila upande wa goti, na mbili ndani kabisa, zinazopishana kama msalaba. Madaktari waliziita kano za msalaba kwa sababu ya umbo lake tu, tusitafute teolojia humo.

Iliyochanika kwa binti yetu ni kano ya msalaba ya mbele. Urefu wake ni sentimita 3 hadi 4, na upana wake kama sentimita 1. Kazi yake ni kuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele na usijizungushe kupita kiasi chini ya mfupa wa paja. Kano si kama mfupa. Mfupa ukivunjika, ukifungwa vizuri, kwa kawaida huunga. Kano hii ikikatika, mara nyingi hairudi ilivyokuwa.

Misuli nayo ina tabia moja ambayo kila mwalimu wa michezo inampasa aijue: msuli huvuta, hausukumi. Ndiyo maana karibu kila mahali misuli imepangwa kwa jozi, mmoja ukivuta huku, mwingine unavuta kule. Misuli ya mbele ya paja hunyoosha goti. Goti likiwa limekaribia kunyooka, misuli hiyo huuvuta mfupa wa muundi kwenda mbele, yaani inaielemea ile kano. Misuli ya nyuma ya paja huuvuta mfupa huohuo kurudi nyuma, yaani inaisaidia kano. Mchezaji mwenye mapaja yenye nguvu mbele na dhaifu nyuma ni kama mkokoteni unaovutwa na ng'ombe wawili, mmoja akiwa mgonjwa. Na kuna misuli ya tatu, ya matako na nyonga, ambayo wengi hatuifikirii tunapozungumza juu ya goti. Hiyo ndiyo inayozuia paja lisiangukie ndani mtu anaposimama kwa mguu mmoja. Ikilegea, goti huingia ndani, na hapo kano hupindwa na kuvutwa kwa pamoja.

Hesabu ya kutua

Sasa tufanye hesabu ndogo, ambayo hata mwanafunzi wa sekondari ataielewa. Tuseme binti ana uzito wa kilo 50, na anapogusa chini ameshaanguka sentimita 30. Akitua miguu ikiwa imenyooka, mwili wake unasimamishwa ndani ya umbali mfupi, tuseme sentimita 5. Ili kuusimamisha, ardhi inamsukuma kwa wastani wa uzito wake mara 7, ni kama kubebeshwa kilo 350. Akitua huku akikunja vifundo, magoti na nyonga, mwili ukashuka taratibu kwa sentimita 30 kabla ya kusimama, wastani huo unakuwa mara 2 tu ya uzito wake, yaani kilo 100. Mrukaji ni yuleyule na ameruka juu uleule. Tofauti yote iko katika kukunja.

Mkitaka kujua timu yenu inatuaje, hamhitaji mashine. Kaeni kimya pembeni ya uwanja msikilize. Anayetua kwa kishindo amenyoosha miguu. Anayetua kama paka amekunja. Halafu mwekeni mchezaji juu ya benchi fupi, ashuke na kuruka tena, nanyi mmtazame kutoka mbele. Magoti yakibusiana anapotua, mmeona penye kazi.

Netiboli inalidai goti zaidi kwa sababu ya sheria zake. Mchezaji akishadaka mpira haruhusiwi kukimbia nao. Anaweza kupiga hatua moja kwa mguu wa pili, lakini mguu uliotua kwanza ukishainuliwa hauruhusiwi kurudi chini kabla hajautoa mpira, na muda aliopewa ni sekunde 3. Kwa hiyo anatoka mbio kasi, anaruka, kisha analazimika kufunga breki ghafla kwa mguu mmoja. Katika mpira wa miguu hatari kubwa ni pale mchezaji anapokata kona ghafla au anapomkabili mwenye mpira. Kinyume na wanavyodhani washangiliaji, mara nyingi kano hii huchanika pasipo mtu kumgusa aliyeumia. Tunawaomba viongozi wa vigango walitangaze hili, maana tumeshuhudia urafiki wa miaka mingi kati ya vigango viwili ukiingia dosari kwa tuhuma isiyo na msingi.

Je, mchezaji hawezi kujirekebisha akishaona anatua vibaya? Hawezi. Watafiti waliochambua picha za video za wanawake kumi walioumia katika mpira wa mikono na mpira wa kikapu walitoa matokeo yao mwaka 2010. Walikadiria kwamba kano ilichanika kama sehemu 40 za elfu ya sekunde moja tangu mguu kugusa chini. Kufumba na kufumbua jicho huchukua muda mrefu kuliko huo. Kumpigia mchezaji kelele “kunja goti!” akiwa hewani hakumsaidii chochote. Misuli lazima iwe imeshajiandaa kabla mguu haujafika chini, na maandalizi hayo huletwa na kurudia jambo lilelile mara nyingi mpaka mwili ulifanye bila kuulizwa, kama vile mama anavyotembea na ndoo kichwani bila kuifikiria.

Kwa nini mabinti zaidi?

Katika michezo ileile ya kuruka na kugeuka, wasichana huchanika kano hii mara 2 hadi 3 zaidi ya wavulana, na katika baadhi ya tafiti zaidi ya hapo. Sababu si moja. Wakati wa kubalehe mifupa hurefuka haraka na uzito huongezeka. Kwa mvulana nguvu ya misuli nayo hupanda kwa kasi, kwa msichana hupanda kidogo zaidi asipofundishwa mazoezi ya nguvu. Wapo wanaotaja upana wa nyonga na homoni, na mjadala wake haujafungwa. Sisi tunaongeza sababu tunayoiona kwa macho yetu vijijini: wavulana hushinda uwanjani tangu utotoni, binti hukabidhiwa mpira wiki mbili kabla ya mashindano ya UMISSETA au sikukuu ya somo wa parokia, na siku hiyo anatakiwa acheze mechi tatu.

Baada ya ajali ile wazazi wawili waliwatoa mabinti zao kwenye timu, na mwanakamati mmoja alipendekeza netiboli isimamishwe. Tunaelewa hofu yao lakini hatukubaliani nao. Mtume Paulo anauita mwili hekalu, na waumini hawalifungi hekalu kwa kuogopa bati lisivuje. Wanaezeka vizuri.

Dakika ishirini zilizopimwa

Habari njema ni kwamba jambo hili limeshafanyiwa utafiti wa kutosha, na tunapenda tuwaeleze pamoja na mahali liliposhindikana, maana hapo ndipo kamati zetu zinapohusika.

Shirikisho la Soka la Kimataifa, FIFA, kupitia kituo chake cha utafiti wa tiba, lilitayarisha mpango mfupi wa mazoezi uliokuwa na mambo 11: mazoezi 10, na la 11 likiwa mchezo wa haki. Mwaka 2005 mpango huo ulijaribiwa Norway kwa mabinti wanaocheza mpira wa miguu, na matokeo yakawa hakuna tofauti. Waliofundishwa na wasiofundishwa waliumia sawasawa. Uchunguzi ulionyesha kwamba timu nyingi zilipokea mafunzo, zikafanya mara chache, kisha zikaacha. (Wanaosimamia semina katika majimbo yetu watatabasamu hapa.) Hawakukata tamaa. Mwaka 2006 mpango ulipanuliwa na kupewa jina la 11+, na mwaka 2007 ukajaribiwa tena Norway kwa mabinti wa miaka 13 hadi 17, jumla wachezaji 1,892. Safari hii majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu. Waliofanya mara nyingi zaidi ndio walionufaika zaidi.

Msomaji atasema hiyo ni Ulaya, wana viwanja vya nyasi. Basi tuje Lagos, Nigeria. Huko timu 20 za vijana wa kiume, wachezaji 416, ziligawanywa, nusu zikafanya mazoezi hayo na nusu zikaendelea na kawaida yao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha majeraha yamepungua kwa asilimia 41.

Mpango wenyewe huchukua dakika 20 na hufanywa kabla ya mazoezi ya kawaida, walau mara mbili kwa wiki. Vifaa ni mpira na alama za kuweka chini, ambazo kwetu ni mawe au malapa yaliyopangwa kwa mistari miwili. Wachezaji huanza kwa kukimbia polepole wawili wawili kwa kama dakika 8, wakifungua nyonga nje na ndani, wakizungukana, wakigongana mabega kidogo hewani. Hufuata dakika 10 ambazo ndizo moyo wa mpango. Wanajiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao. Wanapiga magoti, mwenzao akiwashika vifundo kwa nyuma, nao wanajiachia kwenda mbele polepole bila kukunja nyonga mpaka misuli ya nyuma ya paja ishindwe. Hili ni gumu, anza na mara 3 hadi 5 tu. Wanasimama kwa mguu mmoja huku wakirushiana mpira. Wanachuchumaa, kisha wanaruka juu na kutua. Mwisho ni dakika 2 za kukimbia kwa kasi na kukata kona.

Mwalimu asiyeangalia magoti amepoteza dakika zake. Katika kila zoezi goti liwe juu ya vidole vya mguu, lisianguke ndani, na kutua kuwe laini. Tumeona wachezaji wakipangwa wawili wawili, huyu akimtazama yule na kumwambia, na hilo limesaidia kuliko filimbi. Kwa netiboli tumeongeza zoezi letu dogo: kudaka pasi ukiwa hewani, kutua na kuganda ukihesabu hadi tatu kabla ya kuutoa mpira.

Tahadhari moja. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wasichana 205 waliopimwa namna ya kutua, na 9 ambao baadaye walichanika kano walikuwa wakiingiza magoti ndani zaidi ya wenzao. Tafiti za baadaye hazikuweza kutabiri hivyo. Kwa hiyo kile kipimo cha benchi kisitumike kumfukuza binti timuni. Kinamwonyesha mwalimu pa kuanzia, na mazoezi ni ya wote.

Mtu akishaumia

Mchezaji akisikia mlio ndani ya goti, au goti likimwachia, atoke uwanjani na asirudi siku hiyo hata kama maumivu yamepungua. Asichuliwe wala kukandwa kwa maji ya moto siku mbili tatu za mwanzo, maana ndani kunaweza kuwa kunavuja damu. Kitambaa cha maji baridi, bandeji isiyobana sana, na mguu kuinuliwa vinatosha. Goti likivimba ndani ya saa chache za kwanza, hiyo ni dalili kubwa, asisubiri. Na eksirei ikisema mfupa ni mzima, msiridhike, kwa sababu kano haionekani katika eksirei. Ombeni apimwe na mtu anayejua kuvuta muundi kwa mikono na kulinganisha goti moja na jingine. Kipimo hicho hakina gharama ya mashine, na kwa binti yetu ndicho kilichofichua.

Je, kila mmoja lazima apasuliwe? Familia nyingi hukata tamaa zikifikiri hivyo. Utafiti wa Uswidi uliotolewa mwaka 2010 uliwafuatilia watu 121 wa miaka 18 hadi 35. Nusu walifanyiwa upasuaji mapema, nusu walianza na mazoezi ya tiba, upasuaji ukabaki kama akiba. Baada ya miaka 2 hali zao zilikuwa sawa, na baada ya miaka 5 karibu nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa bado hawajahitaji kisu. Hao walikuwa watu wazima na si wachezaji wa kulipwa, hivyo hatuwezi kumpimia mtoto wa miaka 16 kwa kipimo chao moja kwa moja. Uamuzi ni wa daktari. Lakini inatuonyesha kwamba nauli ya kwenda fiziotherapia kila wiki si fedha ya kutupwa. Vilevile tusifiche upande wa pili: kwa wastani karibu nusu ya waliochanika kano hii huonyesha dalili za goti kusagika ndani ya miaka 10 hadi 20. Binti aliyeumia akiwa na miaka 16 anaweza kuanza kulalamika goti akiwa na miaka 30, na kwetu huo ni umri wa kupalilia na kubeba mtoto mgongoni.

Binti yetu amefanya mazoezi kwa miezi kadhaa. Mtelemko wa kisima anaushuka bila kuachiwa na goti. Netiboli bado hajaruhusiwa. Anakuja uwanjani Jumanne na Alhamisi kuwahesabia wenzake, naye ni mkali kuliko kocha.

Kwa wahisani wetu: mwaka huu katika bajeti ya vijana tumepunguza seti za jezi na kuweka posho ya mafunzo kwa walimu wawili kila parokia, mmoja wao awe mwanamke, pamoja na mfuko mdogo wa nauli za matibabu. Tunajua picha ya timu yenye jezi mpya hupendeza kwenye ripoti. Tutakaowapigia picha mwaka huu watakuwa wamevaa fulana za kila rangi, wamepiga magoti, wameshikwa vifundo. Tunawaomba mtuelewe.

Kwa kamati, kabla ya kikao chenu kijacho tunaomba mjadili haya. Katika timu zenu, nani anafundisha, na alifundishwa na nani? Mabinti wanaruhusiwa kutumia uwanja siku zipi, na huwa wanaupata kweli au wanangoja kaka zao wamalize hadi giza linaingia? Mara ya mwisho mchezaji alipoumia, nani alilipa nauli? Na lile shimo lililo karibu na goli la upande wa kanisa, ambalo kila mmoja wetu analijua, litafukiwa lini?